Daraja la Thelathini na Nane

Usiku ule ardhi ilipojikung'uta kama mbwa aliyetoka majini
tulikuwa wakaguzi wanne, magari mawili,
na madaraja arobaini na moja kati ya milima na bahari ya Chile.
Saa kumi alfajiri Eliana Huenchumil alitandaza ramani juu ya boneti,
akaibana pembe kwa kopo la mafuta na kiatu chake kimoja,
akasema: Tuyape madaraja madaraja.

La kwanza, linaloelekea hospitali:
watu kumi na wanne husafishwa damu huko mara tatu kwa wiki,
na figo haina habari na tetemeko.
La pili, njia ya unga na dizeli.
La tatu limebeba bomba la maji kama mtoto mbelekoni.
Kisha yenye nguzo nyembamba,
kisha ambayo mto ulikuwa ukiyachimba nyayo tangu mwezi wa saba.
Kalamu ikashuka, ikashuka,
na chini kabisa ya karatasi nikakuona wewe:
mita kumi na nane, njia moja,
nyumba sita, shule hakuna, ng'ombe wa maziwa.
Thelathini na nane.
Sikubisha. Nilikuwa na usingizi, na hesabu ilikuwa sahihi.

Siku ya pili tulifika la tano. Liling'aa!
Vyuma vya pembeni vimenyooka, rangi haijabanduka,
watu wanavuka wakitupungia mkono.
Basualto akajipenyeza chini na tochi, akanyamaza mno.
Kisha sauti yake, ndogo: Wasimamisheni.
Boriti ilikuwa imebaki kwenye kiti chake
kwa upana wa vidole vitatu.
Vidole vitatu, na basi la kiwanda cha samaki linapiga honi.
Dereva alitutukana hadi bibi zetu.
Uzima wa daraja hauandikwi usoni.

Na kila ardhi ilipotikisika upya
tuliyarudia yale ya juu, tukaanza tena moja, mbili,
nawe ukazidi kungoja
kama mtu aliyeshika foleni ambayo dirisha lake hufungwa akikaribia.

Siku ya tisa nilikujia peke yangu, mvua ikinipiga ubavuni.
Nikakuta gogo limelazwa njiani, limefungwa kitambaa chekundu.
Mwanamke wa buti za mpira akatoka bandani,
Rosalba Catrileo, mikono inanuka maziwa.
Hakuniuliza kwa nini nimechelewa.
Akanishusha ukingoni, tukainama chini yako pakavu,
na hapo nikaona:
mwisho wa kila ufa, mstari wa rangi ya buluu,
ile ya kuwekea kondoo alama,
na kando ya mstari, tarehe na saa.
Juu ya ufa mpana amegandisha kwa simenti
kipande cha kioo cha dirisha lake lililovunjika.
"Kikipasuka, limesogea," alisema.
Viwili vilivyopasuka alivihifadhi ndani ya kopo la kahawa.
Cha tatu kilikuwa kizima tangu siku ya nne.

Nani alikufundisha?
"Hakuna. Bomba la moshi la jikoni kwangu liliwahi kupasuka,
nikataka kujua kama limemaliza."

Nilipima. Nilipima tena, kwa aibu kidogo,
na vipimo vyangu vikakaa juu ya mistari yake.
Siku tatu za kwanza walimwaga maziwa mtoni;
kisha wakavusha madebe kwa mikono, mtu mmoja mmoja,
wa pili asikanyage kabla wa kwanza hajafika.
Nikaandika: magari mepesi, moja moja.
Nikaliburuta gogo pembeni.

Akauliza sisi tulikuwa wa ngapi.
Nikamwambia. Nilitazama buti zangu.
Akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza.
"Basi nyuma yetu wako watatu. Wamefikiwa?"
Bado.
Birika lilikuwa limeshachemka, nilisikia mfuniko wake.
Akafunga mkate wa moto kwenye taulo la vyombo,
akanisukumia kupitia dirisha la gari:
"Utakula njiani."